Ile Hesabu Uliyokimbia Kidato cha Nne Ndiyo Ilizaa Lugha za Kompyuta

Leo nimekuja kujikana.

Mwaka wa 2025, wakati nchi nzima ilikuwa inabishana kama hesabu iwe ya lazima sekondari ya juu ama iachiwe wenye kuipenda, nilirekodi video fupi nikiwa juu ya paa la ploti yetu, nguo za majirani zikipepea nyuma yangu. Nikasema naandika programu tangu nimalize shule na sijawahi tumia diferenshiesheni hata siku moja. Nikamalizia kwa ukali: kalkulasi ni ya kupita mtihani, kompyuta haina haja nayo. Ile video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi posti. Nilijiona jogoo.

Wiki jana binti mmoja wa chuo akaniandikia inboksi. Yuko mwaka wa pili, anasomea kompyuta, kalkulasi imemkalia vibaya, na anafikiria kuhama kozi kabla siku ya mwisho ya kujaza fomu ifike. Alinitumia ile video yangu mwenyewe. "Kaka, si ni wewe ulisema haina kazi?"

Manze, hapo nilinyamaza. Kusema kitu mbele ya kamera ni rahisi mpaka mtu aanze kupanga maisha yake nacho. Kabla nimjibu nikaamua nisome hii kitu ilitoka wapi. Nimesoma siku nne, na sasa nakiri niliwadanganya. Kuhusu kazi yangu nilisema kweli: natengeneza tovuti za saluni na maduka, na hakuna saluni imewahi kuniuliza mteremko wa kitu chochote. Uongo uko kwa ile sentensi ya mwisho. Kompyuta haina haja na kalkulasi? Hizi lugha tunazotumia zimebeba alama za kalkulasi mwili mzima.

Tuanze na FORTRAN. Ilitoka IBM mwaka wa 1957, timu ya John Backus, na jina lenyewe linamaanisha kutafsiri fomula. Unaandika fomula karibu vile mwalimu angeiandika ubaoni, mashine inakupigia hesabu. Kwa wakati huo ilikuwa kama muujiza. Lakini ilikuwa na upofu fulani. Ukiandika x mara x na useme x ni 3, inakupa 9. Ukiiuliza hiyo x mara x inapanda kwa kasi gani, haina habari, kwa sababu kwake fomula si kitu cha kushika na kukiangalia. Ni amri. Inatekelezwa, basi.

Kwa hivyo watu walitumia njia ya mkato. Chukua thamani, sogeza x kidogo sana, chukua thamani tena, toa, gawa kwa ule umbali uliosogeza. Ni jamaa wa ule mstari tulikuwa tunachora kwa karatasi ya grafu tukikadiria mteremko kwa macho. Na kwa eneo chini ya mstari uliopinda walitumia kina trapeza, zile zile za kidato cha nne.

Njia hii inafanya kazi, lakini ina utapeli ndani yake. Hebu fungua Python kwa simu yako ujaribu na x mraba pale x ni 1. Jibu sahihi ni 2. Sogeza kwa 0.00000001, utapata 1.99999998 na mkia. Si mbaya. Sasa wewe mjanja unajiambia, nikisogeza kidogo zaidi nitakuwa sahihi zaidi. Weka 1e-16, yaani 0 nukta sufuri 15 kisha 1. Jibu unalopata ni 0. Duara kavu. Kompyuta inabeba tarakimu kama 16 tu, kwa hivyo 1 ukiiongezea kitu kidogo hivyo inabaki kuwa 1, na 1 toa 1 unajua ni ngapi. Mashine imekuangalia machoni ikakwambia mlima ni uwanja.

Wanafunzi wawili walikuwa wameona kuna njia nyingine mapema, mwaka wa 1953: Harry Kahrimanian wa chuo cha Temple na J. F. Nolan wa MIT. Kila mmoja aliandika tasnifu kuhusu kuifanya mashine ichukue fomula yenyewe na itoe fomula ya mteremko, kwa kufuata kanuni, vile wewe unafanya kwa karatasi. Iliwezekana. Lakini lugha yenyewe ya kusemea mambo kama hayo haikuwepo, na kuyafanya kwa mashine za 1953 ni kama kushona suti kwa msumari.

Sasa tufike kwa jamaa aliyenifanya nifute kiburi changu. John McCarthy. Mwaka wa 1958 alialikwa kukaa majira ya joto kwa IBM, na akajipa zoezi moja la kuchezea: kuandika programu inayodiferenshieti fomula za aljebra. Hiyo tu. Zoezi ambalo ungepewa Ijumaa kama homuweki.

Angalia vile zoezi lilimkamata. Ukitaka mteremko wa x mara x jumlisha 3x, kanuni inasema tafuta mteremko wa kila kipande kisha ujumlishe. Sawa, kipande cha kwanza ni x mara x. Hicho nacho kina kanuni yake ya kuzidisha, inayokutaka utafute mteremko wa vipande vyake. Navyo vina vipande. Ni sufuria ndani ya sufuria ndani ya sufuria, na kazi ni ile ile kila ngazi. Njia safi ya kuiandika ni fankisheni inayojiita yenyewe: "nikipewa jumla, najiita kwa kila kipande; nikipewa x peke yake, narudisha 1; nikipewa nambari tupu, narudisha 0." FORTRAN ya wakati huo haikuruhusu fankisheni ijiite. Kwa hivyo McCarthy akahitaji lugha inayoruhusu, na njia ya kusema "ikiwa hivi, basi hivi, la sivyo vile" ndani ya fomula yenyewe.

Halafu, jumla inaweza kuwa na vipande viwili ama ishirini. Inabidi useme "chukua hii kazi, ifanye kwa kila kitu kilicho kwa orodha." Hiyo unaijua. Ni map. Iko Python, iko JavaScript, nimeitumia jana kwa tovuti ya duka la viatu. Na ukitaka kumpa mtu kazi kama vile unampa nambari, lazima uwe na njia ya kuiandika hiyo kazi bila kuipa jina. McCarthy akaazima alama kutoka kitabu cha mwanahisabati Alonzo Church: lambda. Alikiri baadaye kwamba kitabu kilichobaki hakukielewa, kwa hivyo alichukua ile sehemu aliyohitaji akaendelea. Mimi hapo nilicheka kwa sauti mpaka mamangu akauliza kuna nini. Kila mtu aliyewahi kuandika lambda kwa Python anatumia kitu kilichoingia kwa kompyuta kupitia jamaa asiyemaliza kitabu.

Kitu cha mwisho ndicho kinanikalia moyoni zaidi. Ukidiferenshieti hivyo, unaacha mabaki mengi njiani, vipande vya fomula ambavyo havina kazi tena lakini bado vimekalia memori. Lugha za orodha zilizotangulia zilimwachia mwandishi kazi ya kufuta kila kipande kwa mkono. McCarthy alitazama ile fankisheni yake safi akaona akianza kuijaza amri za kufuta hapa, kufuta pale, ataiharibu. Akakataa. Akaamua lugha yenyewe itakuwa na mzoa taka: memori ikikaribia kuisha, inapita, inaangalia nini bado kinatumika, na kingine chote inakirudisha kutumika upya. Kwa ile makala yake maarufu ya 1960 hata hakuliandika hilo jina la taka, ingawa wao kwa wao walikuwa tayari wanaliita hivyo.

Huyo mzoa taka yuko ndani ya Java, ndani ya JavaScript, ndani ya Python. Yuko kwa simu unayosomea hii posti, anafagia sasa hivi. Na alizaliwa kwa sababu msee mmoja alitaka programu yake ya kudiferenshieti ikae nadhifu.

Lugha iliyotoka hapo iliitwa LISP. McCarthy aliichukulia ile fankisheni yake ya kutathmini kama nadharia ya karatasi, mpaka mwenzake Steve Russell akasema anaweza kuiandikia mashine, na akaiandika. Python ilipofika toleo la 1.0 mwaka wa 1994, lambda na map ziliingia kwa sababu mpenzi mmoja wa LISP alizikosa na akatuma kodi inayofanya kazi. (Kodi ya kompyuta, sio ya landlord. Hiyo bado sijalipa.)

Naskia mtu hapo nyuma akisema, sawa, lakini siku hizi si mashine inajifanyia yenyewe? Kwani nisome integresheni ya nini na naweza kupiga picha swali? Hili swali si la kizazi chetu. Mwaka wa 1961, MIT, mwanafunzi kipofu anayeitwa James Slagle aliandika kwa LISP programu ya kufanya integresheni. Na integresheni si kama kinyume chake. Kudiferenshieti ni kufuata kanuni hadi mwisho. Integresheni ni kubahatisha kwa akili: jaribu kubadilisha x, ikikataa rudi, jaribu kuvunja vipande, rudi. Slagle aliipa programu yake mbinu za kupima njia gani inaonekana nyepesi kabla ya kuifuata, vile mwanafunzi mzuri anavyofanya. Akaipa maswali 86, mengi yao kutoka mitihani halisi ya mwisho ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale MIT. Ikapata 84.

Hiyo ni 1961. Kenya haikuwa na uhuru bado, na tayari kulikuwa na mashine inayopata A ya integresheni. MIT hawakufuta somo. Waliofuata walihitaji kuijua hesabu zaidi, sio kidogo. Programu ya Slagle iliitwa SAINT, mtakatifu. Mwaka wa 1967 Joel Moses, hapo hapo MIT, akamaliza yake akaiita SIN, dhambi. Dhambi ikamshinda mtakatifu kwa mbali, kwa sababu Moses alipunguza kubahatisha na kuongeza hesabu yenyewe ndani ya programu. Muda mfupi baadaye Robert Risch akaonyesha kwamba kwa kundi kubwa la fankisheni kuna utaratibu wa kujua kama jibu linaandikika kabisa ama halipo. Hayo si mambo ya mtu aliyepiga picha swali.

Kutoka kazi ya kina Moses ndio ikatoka Macsyma, mfumo mkubwa uliokuwa unajua aljebra na kalkulasi ndani nje, ulioanza kujengwa MIT mwaka wa 1968 kwa pesa za serikali ya Marekani. Na hapa hadithi inaingia mahali ambapo sisi wa huku tunapajua vizuri: mlango wenye kufuli.

Mwaka wa 1982 Macsyma ilipewa kampuni ya Symbolics iiuze. (Ukitaka swali la kushinda watu: symbolics.com ndilo jina la kwanza la .com kusajiliwa duniani, Machi 1985.) Baadaye zikaja Maple kutoka Kanada, kisha Mathematica ya Stephen Wolfram mwaka wa 1988. Mashine nzuri sana, sitaki kuzisema vibaya. Lakini leseni ni leseni. Mimi nilipojaribu kusoma diploma, tulikuwa na flashi moja yenye programu ya hesabu iliyovunjwa, inazunguka darasa zima kama sigara, na ilikuja na virusi vilivyokula mradi wa rafiki yangu wiki ya kuwasilisha. Kalkulasi ilikuwa imeingia ndani ya kompyuta kabisa. Wenye funguo ndio walikuwa wachache.

Sasa kulikuwa na nakala moja nyingine ya Macsyma, ile ya Idara ya Nishati ya Marekani. Profesa mmoja wa chuo cha Texas pale Austin, William Schelter, aliichukua mwaka huo huo wa 1982 akawa anaitunza. Anarekebisha hitilafu, anaihamisha kwa mashine mpya kila za zamani zikifa. Miaka kumi na sita hivi. Mwaka wa 1998 akapata ruhusa ya idara hiyo kuiachilia iwe huru kwa kila mtu. Ndiyo Maxima ya leo, unaipakua bure. Schelter alifariki 2001. Sijui kwa nini huyu mzee hana video hata moja ya sekunde arobaini mahali, na mimi nina ya kudanganya watu juu ya paa.

Mwaka wa 2005 mwanafunzi wa fizikia kutoka Czech, Ondřej Čertík, akaanza SymPy, ambayo ni kalkulasi iliyoandikwa kwa Python tupu. Inaingia hata kwa simu ya kawaida. Unaandika diff(x**3, x) na inakujibu 3*x**2. Hakuna flashi, hakuna virusi.

Nikidhani nimemaliza, nikapata kuna njia ya tatu, na hii ndiyo imeshika dunia sasa. Si kukadiria kwa kusogeza, wala si kuandika fomula mpya. Mwaka wa 1964 R. E. Wengert alichapisha wazo rahisi hadi linaudhi: acha programu iendelee kupiga hesabu zake kawaida, lakini kila nambari ibebe mteremko wake mgongoni kama mtoto. Wewe ni 3, mtoto wako ni 1. Ukijizidisha mwenyewe unakuwa 9 na mtoto anakuwa 6. Mwisho wa programu una jibu na mteremko wake kamili, bila ule utapeli wa 0.

Halafu 1970, Helsinki, mwanafunzi wa shahada ya pili Seppo Linnainmaa akaligeuza kinyumenyume. Yeye alikuwa anashughulika na makosa madogo ya kukadiria yanavyojilimbikiza ndani ya hesabu ndefu. Ni kama chapati imetoka ngumu. Huwezi kupika upya mara mia ukibadilisha kitu kimoja kimoja. Unaanzia kwa chapati yenyewe unarudi nyuma: moto ulichangia kiasi gani, kukanda kiasi gani, mafuta kiasi gani. Safari moja tu ya kurudi na kila mtu amepewa sehemu yake ya lawama. Tasnifu yenyewe iliandikwa Kifini, na hakutaja mitandao ya neva hata kidogo. Mwaka wa 1986 makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ikaonyesha mtandao wa neva ukijifunza kwa lawama za aina hiyo hiyo, na leo ndiyo njia mifumo ya AI inafunzwa nayo. GPT-3 ya 2020 ilikuwa na nambari bilioni 175 za kurekebisha. Hebu fikiria kuzisogeza moja moja.

PyTorch, JAX na wenzao ni hiyo kitu imefungwa vizuri ndani ya Python. JAX ina fankisheni inaitwa grad: unaipa fankisheni yako, inakurudishia fankisheni ya mteremko. Kuna watu wa Google walijaribu kwenda mbali zaidi, kuingiza diferenshiesheni ndani ya lugha ya Swift yenyewe, ila mradi ukafungwa 2021. Kwa maoni yangu watarudi. Kitu kinachohitajika hivyo hakikai maktaba ya nje milele. Hata kuzoa taka wakati mmoja kulikuwa kazi ya mikono.

Kwa hivyo binti nilimjibu. Nilimtumia sauti ya dakika saba, ndefu sana, naomba radhi. Sikumwambia asihame. Sijui marks zake, sijui karo analipa nani, na kutengeneza tovuti za saluni bila kalkulasi inawezekana, mimi ni ushahidi. Nilimwambia tu asihame kwa sababu yangu, na kwamba kama anataka kuelewa AI kutoka ndani badala ya kuibonyeza kutoka nje, hilo somo linalomkalia ndilo mlango wenyewe. Halafu nikamtumia mistari kumi ya Python, ile ya nambari yenye mtoto mgongoni, nikamwambia aijaribu na swali lolote lililomshinda kwa CAT.

Amejibu usiku. "Imekubali, lakini kwa kugawa inanipa jibu tofauti na langu." Nimeangalia. Yeye ndiye yuko sawa. Kanuni ya kugawa niliiandika kinyume, ni ile ile niliyokosa mtihani wa kidato cha nne, na sasa anasema anairekebisha.